Fundi na Leseni ya Hewa

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ulikuwa upi, kwa sababu mwenyewe aliyaeleza hayo kila mara kwa namna nyingine, kutegemea nani anauliza. Kwa askari wa bara alikuwa mtu wa Garissa tangu dunia iumbwe. Kwa wafugaji waliotoka Wajir na ngamia wao alikuwa binamu wa karibu kabisa. Kwangu mimi, karani kijana kutoka Taita niliyepelekwa huko wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa msituni, alikuwa Fundi, na mji mzima ulimwita hivyo. Mafundi wengine walikuwepo, wa cherehani, wa viatu, wa lori, lakini hao walihitaji neno la pili ili mtu ajue nani anatajwa. Yeye hakulihitaji.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na ndevu alizozipaka hina upande mmoja zaidi kuliko mwingine, kwa kuwa kioo chake kilikuwa kioo cha pikipiki. Alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto Tana, hata mkiwa mmeketi benchi moja. Mwenyewe alisema ni mazoea ya jeshini, ambako alibeba redio mgongoni katika vita vya Wazungu. Mkewe alisema hata siku ya posa alikuwa hivyo hivyo, na kwamba majirani wote walijua mahari kabla ya baba yake.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja sokoni, kuta za udongo na paa la mabati, na ndani yake redio za watu zilipangwa kwenye rafu mpaka darini. Kila moja ilifungwa karatasi, lakini usitafute jina hapo. Aliandika "mama wa mbuzi weupe", au "yule anacheka mbele ya msikiti". Ukimletea redio mbovu hakuuliza ina nini. Aliuliza inakaa wapi nyumbani, karibu na moto au karibu na dirisha, na nani anaigusa zaidi. Mara nyingi alijua ugonjwa kabla hajaifungua. Siku moja muuza chai alileta yake akidai imekufa. Fundi aliifungua, akatoa mende aliyeungua, akamtia kwenye kiberiti kitupu na kumkabidhi mwenye redio. Muuza chai akauliza mende wa nini. "Ni mali yako," Fundi akasema. "Mimi hapana bakisha kitu ya mteja."

Hivyo ndivyo alivyozungumza Kiswahili. P zake nyingi zilikuwa b, na v zake zilikuwa f, na ngeli alizitawanya kama mtu anayewarushia kuku mtama. Nilipokuwa mgeni nilijaribu kumsahihisha. Aliniuliza Kisomali changu mimi kinaendeleaje, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Jambo la ajabu kwake lilikuwa karatasi. Mtu huyu, ambaye hakuwahi kurudisha bisibisi ya mtu yeyote na aliyefika popote nusu siku baadaye, kwa karatasi za serikali alikuwa mcha Mungu. Leseni ya redio yake ya kusikilizia ilining'inia ukutani ndani ya fremu ya kioo. Pembeni yake ilikuwapo leseni ya baiskeli, ingawa baiskeli yenyewe ilichukuliwa na mafuriko. Chini yake ilikuwapo leseni ya mbwa. Mbwa huyo alikuwa wa mpangaji aliyetangulia, mfanyabiashara wa bara aliyefunga duka vita vilipoanza, na Fundi hakuthubutu hata kumgusa, maana alikuwa na sala zake za kuangalia. Lakini leseni ilipokwisha alikuja ofisini kwetu kutaka nyingine. Nilimwuliza mbwa yuko wapi. Akasema aliondoka na askari wa Modogashe miezi miwili iliyopita.

"Basi leseni ya nini?" nikauliza.

"Na akirudi je?"

Nilicheka mpaka mkubwa wangu akachungulia mlangoni. Fundi hakucheka. Alisubiri karatasi yake, akapuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili na kuitia kifuani.

Baada ya wiki moja alirudi, na sasa hakutaka kitu cha baiskeli wala mbwa. "Karani," akasema, "mimi nataka leseni ya kusema."

Nilidhani ananitania. Ilikuwa kweli kabisa. Katika mnada wa vyombo vikuukuu vya jeshi, kabla ya uhuru, alikuwa amenunua redio nne za kupokea na kupeleka sauti. Zilikaa chini ya kitanda chake miaka yote hiyo, zimefungwa kwa gunia, naye hakuwahi kuzisemea hata neno moja kwa kuwa hakuwa na karatasi. "Hewa ni ya serikali," aliniambia. "Bila karatasi mimi ni mwizi wa hewa." Na wakati ule, Msomali kukutwa na mtambo wa kusemea bila kibali halikuwa jambo la faini. Lilikuwa jambo la kufungiwa mbali na kusahauliwa.

Haja yake ilikuwa Bura. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliolewa huko na mfanyabiashara wa mifugo. Bura kulikuwa na zahanati na mganga msaidizi mmoja ambaye watu wote walimwita Dresa. Hakukuwa na daktari wala gari, na waya wa simu ulikuwa umekatwa. Barabara haikupitika ila kwa msafara wenye askari, nao msafara ulikwenda mara moja kwa wiki Mungu akipenda. Mimba ya kwanza ya binti iliishia hapo. Uchungu ulimjia siku mbili kabla ya msafara, na mtoto hakuweza kusubiri, akafa. Sasa alikuwa na mimba tena, changa. Fundi alinieleza hayo mara moja tu, na mara hiyo alipunguza sauti, ndipo nikajua kwamba anaweza.

Redio mbili peke yake hazingefika. Nchi ile ni tambarare kama sinia, na sauti ya mitambo ile huchoka njiani. "Weye ametoka milimani," alinilaumu. "Kwa nini hakuleta kilima moja tu?" Mpango wake ulikuwa kuweka redio mbili katikati ya njia, kwenye kituo kidogo cha polisi kilichokaa juu ya mwinuko, na mlingoti wa mabomba ya kisima yaliyoungwa. "Moja ni sikio, moja ni mdomo," alieleza. "Sikio nasikia Bura, naambia mdomo. Mdomo nabiga kelele mbaka Garissa." Sauti ikipokewa pale ingerushwa tena papo hapo, bila mtu kugusa kitu. Betri mbili za lori zingeuendesha mtambo huo wiki nzima, maneno yakiwa machache, zikibadilishwa kila msafara ukipita. Sikio lilikunywa betri kidogo. Mdomo ndio uliokuwa mlevi.

Basi nikawa mwandishi wake. Fomu ilikuwa na kurasa sita, nasi tulipigana kila ukurasa. Ilitaka kujua mwinuko wa mahali pale kutoka usawa wa bahari. Fundi alikwenda kumwuliza dereva wa lori aliyetoka Lamu kama njiani alipanda au alishuka. Ilitaka kusudi la kituo. Akaniambia niandike: kusalimiana na kuita gari. Nikamshauri tufute kusalimiana, kwa kuwa wakubwa wa Nairobi wataona ni mchezo.

"Andika," akasema. "Usidanganye serikali."

Niliandika. Fomu ikaenda. Tangu mwezi wangu wa pili Garissa nilikuwa nikinywa chai dukani kwake kila jioni, chai ya maziwa ya ngamia ambayo mwanzoni ilinishinda na baadaye nikaitafuta mwenyewe. Alinifundisha kulehemu waya. Alinifundisha pia kunyamaza, jambo ambalo nyumbani Taita hakuna aliyeliweza. Alisema mtambo wa kusemea una kidude cha kubonyeza, na aliyekibonyeza hasikii chochote. "Watu mingi wanaishi na kidole hapo," alisema, kisha akaendelea kusema yeye peke yake mpaka magharibi.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparukia mbali.

Siku moja ilikuja barua ya siri kutoka Nairobi, imeandikwa jina langu. Mwombaji ni mtu wa aina gani? Unamjua? Unaweza kumdhamini? Waliniuliza mimi kwa kuwa jina langu lilikuwa chini ya fomu kama mwandishi. Niliisoma mara tatu. Karani mwenzangu wa ofisi nyingine alikuwa amehamishwa ghafla kwa sababu ya urafiki na watu wa mji, na tulisikia alipofika huko hakukuta kazi. Nilikuwa na mama wa kumtunza. Nikatia karatasi kwenye mashine nikaandika kwamba simjui mwombaji vya kutosha kumdhamini. Nilipiga muhuri kwa nguvu, kana kwamba muhuri ungenisaidia. Jioni nilikwenda kunywa chai yake.

Jibu la Nairobi lilikuwa la maneno mawili: ichunguzwe zaidi. Uchunguzi huo ulichukua miezi minne. Fundi alikuja ofisini kila Jumatatu, akasimama mbele ya meza yangu na kuuliza kama bosta imeleta kitu. Kila Jumatatu nilisema bado. Naye hesabu yake haikuwa ya barua, ilikuwa ya mimba ya binti yake. "Sasa ni mwezi wa tano," alikuwa akisema. "Sasa ni wa sita." Alisema bila kulaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na mimi nilitazama wino wangu. Niliona aibu iliyonifanya nichukie Jumatatu, na sikuwa na ujasiri wa kufanya lolote juu yake.

Mwishowe wakamkubalia siku moja ya majaribio, mbele ya mkaguzi. Sijawahi kumwona Fundi akifika mahali mapema ila wiki ile. Alisimamisha mlingoti kule kituoni pamoja na askari sita na punda mmoja. Alipeleka redio Bura kwa msafara na barua ndefu ya maelekezo kwa Dresa. Mkaguzi alifika kutoka Nairobi, mtu mfupi, mpole, anayepiga chafya kwa vumbi, mwenye saa ya kuhesabia sekunde. Masharti yalikuwa mepesi: Bura itoe ujumbe mmoja mfupi wa Kiswahili, Garissa ijibu, yeye aandike, basi.

Kosa letu lilikuwa moja, na hakuna aliyelifikiria kwa kuwa kwao halikuwa kosa. Dresa alikuwa mtoto wa amu yake Fundi, na hawakuwa wamesikiana kwa miezi minne.

"Nabad," ikasema redio, kwa sauti safi kama ya mtu aliye mlangoni. Maana yake ni amani, na ndivyo wanavyosalimiana huko. Duka zima likashusha pumzi. Fundi akabonyeza kidude.

"Nabad. Weye nzima?"

"Mimi nzima. Nyumba nzima?"

"Nzima. Watoto nzima?"

"Alhamdulillahi. Mfua iko?"

"Mfua hakuna. Kwenu iko?"

"Kidogo tu, ubande ya mto, nasikia kwa watu. Ngamia nzima?"

Mkaguzi akaitazama saa yake. Nilimkanyaga Fundi mguu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kwani ungewezaje kumkatiza mtoto wa amu yako kabla hajauliza habari za mifugo? Wakapita ngamia mmoja mmoja. Wakaingia kwa mbuzi. Wakaulizana juu ya mzee fulani wa Modogashe aliyevunjika mguu, na mguu huo ukaulizwa peke yake kama mtu. Dakika ya kumi na moja Dresa alisema, "Na ile ngamia mwekundu," kisha redio ikanyamaza kabisa. Mdomo wa kule katikati ulikuwa umemaliza betri.

Mkaguzi alifunga daftari lake polepole. "Na ujumbe ulikuwa upi?" akauliza.

"Ulikuwa unakuja," akasema Fundi.

Mkaguzi alikula nasi mchana, wali na mbuzi, naye alikula vizuri, nikapata matumaini kidogo. Lakini aliondoka akiacha neno zito. Ataandika aliyoyaona, na wakubwa wataamua. Mpaka leseni ifike, hakuna ruhusa ya kusema hata neno moja. Kusikiliza si kosa. Fundi aliitikia kwa kichwa, na nilijua atalishika neno hilo kuliko mkaguzi mwenyewe.

Basi akawa anasikiliza. Betri za kule katikati zilibadilishwa, maana alisema betri isiyotumika huoza kama mtu mvivu. Kila asubuhi na kila alasiri alikaa mbele ya mtambo na kusikiliza kimya cha Bura. Watu walimcheka. Muuza chai alimwuliza kama ngamia mwekundu amefika. Fundi alijibu kwamba leseni iko njiani, na kwamba ngamia ni wa watu, asimseme.

Ilikuwa alasiri, baada ya sala, nami nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikimenya chungwa. Redio ikakoroma. Kisha sauti ya Dresa.

"Fundi. Leta gari. Ni mtoto yako. Mkono ya mtoto imetangulia."

Hakukuwa na nabad, wala habari za mvua, wala za watoto. Sijui utabibu, lakini nilielewa kabla ya neno la pili, na kila mtu aliyekuwapo dukani alielewa. Mtu kama Dresa kuanza bila salamu ilikuwa sawa na kumwona mtu wa heshima akikimbia sokoni bila shati. Fundi alikuwa amesimama tayari. Alitazama ukutani zilipo karatasi zake zote, za redio, za baiskeli, za mbwa. Nadhani ilikuwa pumzi moja tu, lakini niliiona. Kisha akabonyeza.

"Nasikia. Gari nakuja."

Akanigeukia. "Karani, askari," akasema, akatoka mbio kuelekea hospitali na viatu mkononi. Nami nilikimbia ofisini, nikaingia kwa mkubwa wangu bila kubisha hodi, nikaomba askari wa kusindikiza gari. Sikuwahi kumwomba mtu yeyote kitu kwa namna ile. Alinitazama, akasaini. Daktari aliondoka na gari la hospitali na askari wanne kabla chungwa langu halijakauka kwenye benchi, na waliwahi kufika Bura kabla ya jua kuzama.

Fundi hakuwa na nafasi garini. Alibaki na redio yake, nami nilibaki naye. Gari lilipokwisha kuondoka, hakubonyeza tena. Nilimwambia aulize. Akasema kuita gari kulikuwa lazima, lakini kuuliza habari si lazima, ni hamu tu, na hamu haina leseni. Mkewe alimwambia maneno ambayo sitayatafsiri.

Asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo, redio ikakoroma tena.

"Nabad," akasema Dresa.

Fundi akakaa chini. Palepale sakafuni akafunika uso kwa mikono miwili. Mkewe alianza kulia na kucheka pamoja. Dresa aliendelea, akatuuliza kama ni wazima, kama mvua iko, kama ngamia ni wazima, akijijibu mwenyewe kwa kuwa huku hakuna aliyejibu, na kwa mara ya kwanza maishani nilizifurahia salamu zile moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye habari yenyewe, kwamba mama mzima na mtoto mzima, wa kike, sisi tulikuwa tumekwisha kujua.

Siku iliyofuata Fundi alikuja ofisini amevaa kanzu safi. Alitaka kuandika barua. Nikatia karatasi, na akanitamkia maneno kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto: kwamba yeye, mwombaji wa leseni, alisema bila leseni, maneno matatu, akijua kabisa ni kosa, kwa sababu ya mtoto wake, na kwamba yuko dukani kwake wakimtaka.

"Fundi," nikamwambia, "hakuna aliyekusikia. Hii ni jela unajiandikia."

"Serikali ikiniuliza baadaye, itakuwa uongo. Ikisikia kwangu kwanza, ni habari tu. Biga chaba."

Niliichapa. Alipotoka, nikatia karatasi nyingine na kuandika barua yangu mwenyewe: namjua mwombaji, namdhamini, na nilichoandika kwanza niliandika kwa woga. Barua mbili zikaenda katika mfuko mmoja. Kwa wiki tatu nililala vibaya, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Kisha leseni ikafika. Kumbe ilikuwa imetiwa saini siku tisa kabla ya yeye kubonyeza kidude. Ilikuwa imelala katika mfuko wa posta, ikisubiri msafara. Mkaguzi aliyepiga chafya alikuwa ameandika maneno mazuri, na kuongeza sharti moja kwa mkono wake, kwamba salamu zisizidi dakika moja. Barua zetu mbili zilikuta jambo limekwisha. Hakuna aliyezijibu. Ya kwangu haikumsaidia Fundi hata kidogo, na hilo lilinikaa rohoni kama mwiba mdogo usioonekana.

Fundi hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliudhika kwamba alikiri kosa ambalo hakulifanya, akataka niombe barua yake irudishwe. Ilibidi nimtoe nje ya mkahawa mara mbili asiisimulie barua hiyo upya. Lakini leseni aliitia fremu, akaiweka juu ya zote, na mbwa akashushwa.

Sharti la dakika moja lilimkosesha raha zaidi. Alilipatia dawa kwa busara yake mwenyewe. Kila msafara ulipokwenda Bura ulibeba barua ya salamu, imeandikwa kirefu, kila mtu, kila mnyama, na wa Bura ulirudi na ya kwao. Basi hewani walisema tu, "Salamu umebata?" "Nimebata." Na kazi ikaanza. Wakati wote wa vita, mtambo ule uliita gari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa wajawazito, kwa walioumwa na nyoka, hata kwa askari wa bara aliyepigwa risasi. Fundi alisimamia ile dakika kwa ukali, na mtu aliyeanza kuuliza habari za mbuzi alimkatia bila huruma. Akiondoka kwenye redio alimsalimu mpita njia wa kwanza kwa robo saa.

Nilihamishwa vita vilipokwisha. Nilimuaga kwa haraka, kama vijana wanavyoaga, na sikumwambia habari ya ile barua yangu ya kwanza.

Nilirudi Garissa nikiwa nimestaafu, kumtembelea binti yangu aliyekuwa mwalimu huko. Mji ulikuwa umetanuka mpaka nikapotea. Duka lilikuwa palepale, sasa la matofali, na linauza simu. Fundi alikuwa amekaa ndani, kipofu wa jicho moja, ndevu zake bado zina hina, safari hii sawasawa, kwa sababu mjukuu wake ndiye aliyempaka. Alikuwa mwanamke mtu mzima, muuguzi, mwenye maneno machache. Yeye ndiye wa ule mkono uliotangulia. Aliniletea chai, na babu yake akanisalimu salamu kamili, za miaka yote ile, hakuacha hata mvua ya mwaka mmoja.

Alipomaliza nilisema kabla ya kuvunjika moyo. "Fundi, ile leseni ilichelewa miezi minne kwa sababu yangu. Waliniuliza kama nakujua. Nikaandika sikujui."

Aliweka kikombe chake chini.

"Ilikuwa lini?" akauliza.

Nikamwambia. Nilikuwa na miezi minane Garissa wakati ule. Chai ya kwake nilikuwa nimeinywa miezi saba.

"Mimi bia waliniuliza," akasema. "Juu yako. Wewe ulikuwa umefika juzi, hata mwezi hakuna. Ulikuwa unatembea mto jioni beke yako, bila askari. Watu wawili wa msituni walikuja hapa. Wakasema, huyu karani wa bara ni mtu gani, ni wa kuua ama ni wa kuacha."

Nilimtazama. Nilikumbuka matembezi yale. Niliwahi hata kujisifu kwayo nyumbani, kwamba niliishi katikati ya vita na sikuogopa.

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia namjua. Ni kama mtoto ya ndugu yangu."

"Lakini Fundi, hukunijua."

"Hakujua," akakubali. "Nilikuwa nakuona mara moja tu, unabita." Alipapasa kikombe changu kwa vidole, akaona kimepoa, akamwashiria mjukuu anibadilishie. "Lakini ukiulizwa hivyo, Karani, utasema nini?"